Kutoka Makaa Hadi Mafuta: Hesabu Inayoishia Kwenye Tanuru

Maofisa wa uchukuzi jeshini wana hesabu moja waliyoipenda kwa zaidi ya karne: tani moja ya mafuta mazito hufanya kazi ya takriban tani moja na nusu ya makaa ya mawe. Ndani ya tanuru hesabu hiyo ni sahihi. Kilo moja ya mafuta mazito hutoa joto la megajuli 40 na ushee, ilhali makaa ya kawaida hutoa kati ya 25 na 30. Ila tani hiyo haikuzaliwa tanuruni. Kuna mtu aliyeisafirisha, akaihifadhi, akailipia kabla haijawashwa.

Vita Kuu ya Kwanza iliijaribu hesabu hiyo kwenye Mto Tigris, katika Iraq ya leo. Waingereza walitua Fao Novemba 1914, wakaiteka Basra mwezi huohuo, kisha wakajikuta wanautegemea mto kwa karibu kila kitu. Kutoka Basra hadi Baghdad kwa maji ni kama kilomita 800 za kona na mafungu ya mchanga, na maji yakipungua, chombo kinachozama zaidi ya mita moja hivi kinakwama. Makaa yalikuja kwa bahari kutoka India, yakashushwa Basra, yakapakiwa upya ndipo yakapanda mto. Kila tishari lililobeba makaa lilikuwa limenyimwa unga na risasi. Kikosi chao kilichozingirwa mjini Kut kilisalimu amri Aprili 1916 kikiwa hoi kwa njaa, na uhaba wa vyombo vya mtoni ulichangia.

Kinachoshangaza ni kwamba mafuta yalikuwa mlangoni. Abadan, chini kidogo ya Basra, kulikuwa na kiwanda cha kusafisha mafuta kilichoanza kazi kabla ya vita, na mwaka 1914 serikali ya Uingereza ilikuwa imenunua zaidi ya nusu ya hisa za kampuni iliyokimiliki. Hata hivyo, kuzihamishia kwenye mafuta boti na injini za reli kulikwenda hatua kwa hatua, huku vita ikiendelea.

Sababu moja haionekani kwenye hesabu ya maofisa. Makaa hushushwa chini na kurundikwa popote, lakini mafuta yanahitaji tangi, pampu, mabomba, mabehewa ya matangi na matishari yasiyovuja. Tanuru nalo lazima lifungwe vichomeo na kujengewa matofali ya kuhimili moto, na mafuta mazito yapashwe joto kwanza ili yatiririke. Faida ipo: wachochea moto wachache, majivu hakuna, nafasi ya shehena inaongezeka. Ila faida hiyo hufika baada ya chuma chote hicho kufika, na chuma nacho kinasafiri kwa meli zilezile.

Mfanyabiashara mmoja anayewauzia dizeli wenye boti mjini Kigoma, kando ya Ziwa Tanganyika, ambaye hakutaka kutajwa jina, anaielewa hadithi hiyo bila kuhitaji historia. Kero yake ni kwamba kila mkubwa anayezungumzia nishati huanza na bei ya lita na kuishia hapo. Hakuna anayeuliza wese limekaa njiani siku ngapi. Mvua ikiikata reli ya kati, kama inavyotokea mara kwa mara kati ya Kilosa na Gulwe, mtaji wake unalala ndani ya mabehewa huku wateja wakidai mzigo. Inabidi akodi malori, na nauli ya lori humeza faida aliyoipigia hesabu. Wenye boti nao wengi huchukua mali kauli. Wanalipa wakisharudi kutoka ng'ambo ya Kongo, kama safari imekuwa njema. Tangi lake ni lazima likaguliwe, liwe na vifaa vya zimamoto, na lijazwe hata wakati bei haieleweki. Kwa maoni yake, muuza makaa wa zamani alikuwa na unafuu mmoja mkubwa: mali yake ilipolala, haikumdai chochote zaidi ya kiwanja.

Huenda anatia chumvi. Makaa nayo huvunjika, huibwa na hata hujiwasha yenyewe yakirundikwa vibaya. Lakini hoja yake ya njia haipuuziki. Februari 1915 bomba la zaidi ya kilomita 200 lililolisha Abadan lilikatwa na watu wa makabila ya eneo hilo, na mafuta yakasimama kwa miezi. Rundo la makaa halikatwi namna hiyo.

Kwenye Vita Kuu ya Pili, mafuta yalikuwa na hoja yenye nguvu zaidi. Reli ya Iran, iliyofunguliwa 1938 kutoka Ghuba hadi Bahari ya Kaspi, ilipita kwenye mahandaki zaidi ya mia mbili, joto kali na nchi yenye uhaba wa maji. Waingereza walipeleka injini za mvuke zilizokuwa zikichoma makaa, wakazibadilisha zichome mafuta ya hukohuko. Baadaye Wamarekani walileta injini za dizeli, ambazo hazikuhitaji maji ya boila wala kuwafukiza madereva ndani ya handaki. Hapo mafuta yalishinda bila ubishi, ingawa ilisaidia sana kwamba visima vilikuwa nchi ileile.

Upande huu wa Afrika ulikuwa umetoa mfano wa kinyume katika Vita Kuu ya Kwanza. Wajerumani waliozuiwa baharini waliiendesha reli ya kati kwa kuni za misitu iliyo kando yake. Mafuta wasingeweza kuyapata, na makaa ya kutoka nje vilevile. Meli waliyoizindua Kigoma mwaka 1915, leo Liemba, ilianza maisha kwa mvuke na haikufungwa injini za dizeli hadi miaka ya 1970.

Sasa maofisa wanazungumzia umeme, na treni za reli mpya ya Tanzania zimekuwa zikienda Dodoma kwa nyaya tangu 2024. Takwimu za akiba zinazotajwa zinavutia, ingawa kwa kawaida hupimwa pale treni inapokula nishati na si pale nishati inapotoka. Mizigo ya Kigoma bado inapita reli ya zamani na barabara, na ziwani hakuna waya. Mwenye boti ataendelea kununua dizeli kwa miaka kadhaa, pengine zaidi. Bei inaweza kushuka na njia inaweza kutengemaa, lakini nani atalipia matangi, hilo halijatajwa katika hesabu zozote alizowahi kuonyeshwa mfanyabiashara yule.