Mwandishi wa Habari za Wakilindi

Wazee waliosimulia habari za Mbegha huko Vugha wamekwisha kufa, lakini habari zenyewe tunazo kwa kalamu ya Abdallah bin Hemedi 'lAjjemy. Hakuwa Mkilindi wala Mkristo. Alikuwa karani wa Semboja kule Mazinde. Baadaye akashika kazi katika serikali ya Wadachi. Alisikia jinsi Mbegha, mwinda nguruwe, alivyofukuzwa Ngulu na ndugu zake, akawagawia Washambaa nyama hata wakamtawaza. Misheni ya Magila ilikipiga chapa kitabu chake kwa sehemu, tangu 1895 hata 1907, ingawa yeye ni Mwislamu. Nami hupenda hasa sehemu ya vita vilivyofuata kufa kwake Kimweri mwaka 1862. Alikuwa amekula chumvi ya Semboja, wala vita vya bwana wake hakuviacha bila kuviandika.