Tamthilia Nje ya Kitabu: Tumjibu Nini Mwanafunzi Anayetaka Kusomea Drama na Filamu Chuo Kikuu?

Utangulizi

Mwalimu mwenzangu, huenda swali hili limewahi kukufikia ukiwa umebeba rundo la madaftari ukielekea ofisini: "Mwalimu, kwani drama husomewa chuo kikuu?" Mimi niliulizwa na mwanafunzi wa Kidato cha Tatu hapa Lowarengak, ukingoni mwa Ziwa Turkana, mara tu baada ya kipindi cha tamthilia. Nilimjibu upesi kwamba husomewa, ila yeye asomee kwanza "kitu cha maana", na drama imfuate baadaye kama burudani. Alinishukuru akaenda zake. Nilipoketi kusahihisha, swali lilinirudia kwa sura nyingine: ikiwa drama si kitu cha maana, mimi nimekuwa nikiwafundisha nini kwa dakika 40 nzima?

Makala haya yananuia kulijibu swali hilo upya. Yataeleza somo la drama na filamu lilivyoingia katika vyuo vikuu vya Afrika Mashariki, mambo yanayofundishwa humo, na yale tunayopaswa kumwambia mwanafunzi bila kumficha. Hoja yangu ni kwamba shahada hii huanzia pale ambapo kipindi chetu cha tamthilia hukomea. Kwa hiyo mwalimu wa fasihi ndiye mtu wa kwanza anayeweza kumfungulia mwanafunzi mlango huo, au kumfungia bila kujua.

Somo hili lilitoka wapi?

Wapo wanaodhani kwamba kusomea drama ni mtindo mpya ulioletwa na runinga. Sivyo. Mwaka 1965, wanafunzi wa Makerere walianza kuzunguka vijijini na mijini wakiigiza michezo katika lugha mbalimbali, Kiswahili kikiwemo. Chuo Kikuu cha Nairobi kilianzisha kikundi chake cha kuzunguka mwaka 1974. Katika miaka ya 1960 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza kufundisha sanaa za maonyesho kama taaluma inayojitegemea.

Angalia majina yaliyotoka Dar es Salaam. Ebrahim Hussein alisoma na kufundisha huko, akatupa Kinjeketile mwaka 1969, kisha akaenda Chuo Kikuu cha Humboldt mjini Berlin kwa shahada ya uzamifu kuhusu drama ya Afrika Mashariki. Penina Muhando aliandika Hatia na Nguzo Mama, na mwaka 1976 yeye na Ndyanao Balisidya wakachapisha Fasihi na Sanaa za Maonyesho, kitabu ambacho wengi wetu tulikitegemea vyuoni. Amandina Lihamba naye alifundisha, akaigiza na kuelekeza. Hawa si watu waliosomea "kitu cha maana" kwanza. Hiki ndicho walichosomea, nasi tunakula matunda yake kila tufunguapo kitabu cha tamthilia.

Hapa Kenya, Chuo Kikuu cha Kenyatta kimefundisha sanaa za maonyesho na teknolojia ya filamu, na Chuo Kikuu cha Moi kimeyaweka masomo ya drama na filamu pamoja na fasihi. Wanaopenda zaidi kazi ya kamera na sauti wamekuwa wakijiunga na Taasisi ya Mawasiliano ya Umma ya Kenya jijini Nairobi. Ng'ambo ya mpaka, Chuo cha Sanaa cha Bagamoyo kilianzishwa mwaka 1981, na tangu 2007 kinajulikana kama Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo.

Ni nini hasa hufundishwa?

Hebu tuanzie kwenye jambo tunalolijua sote. Katika Karatasi ya Tatu ya Kiswahili, mtahiniwa hupewa dondoo na kuambiwa: "Eleza muktadha wa dondoo hili." Tumewazoesha wanafunzi kutaja mambo manne: msemaji, msemewa, mahali, na sababu ya kusema. Alama nne hupatikana, tunasonga mbele.

Mambo hayo manne ndiyo maswali ya kwanza ya mwelekezi wa mchezo. Nani anasema? Anamwambia nani? Wako wapi? Kwa nini anasema sasa na si jana? Tofauti ni kwamba mwelekezi hasongi mbele. Huendelea kuuliza: msemaji amesimama au ameketi? Yu karibu na msemewa kiasi gani? Msemewa anafanya nini akisikiliza? Kimya kinachofuata kitachukua muda gani? Mwangaza unatoka upande upi? Hadhira inajua jambo gani ambalo mhusika halijui? Kila jibu hubadilisha maana ya maneno yaleyale yaliyochapishwa.

Chukua mfano wa Kinjeketile. Mhusika mkuu anaingia katika mto Rufiji na baadaye anatoka humo akiwa mtu mwingine machoni pa watu wake. Katika kitabu, sentensi chache zinatosha. Jukwaani hakuna mto. Je, mwelekezi atatumia kitambaa cha buluu kinachotikiswa na watu wawili? Atatumia ngoma pekee? Au mwigizaji ataondoka tu, na mto tuuone katika nyuso za waliobaki ukingoni? Ukichagua kitambaa umesisitiza muujiza. Ukichagua nyuso umesisitiza imani ya watu, na hapo umeigusa dhamira yenyewe ya mchezo: neno ambalo mtu amelitoa linaweza kukua hadi likamshinda aliyelitoa. Huo tayari ni uhakiki, ijapokuwa umefanywa kwa mwili na vifaa badala ya insha.

Kwa hiyo mwanafunzi wa shahada hii husoma historia na nadharia za drama, uigizaji, uelekezaji, uandishi wa mswada, usanifu wa jukwaa na maleba, pamoja na usimamizi wa utayarishaji. Kwa upande wa filamu hujifunza kamera, mwangaza, sauti na uhariri. Huandika insha kama wenzake wa fasihi, lakini pia hutahiniwa kwa kazi iliyosimama mbele ya watu. Asiyependa kusoma hatafika mbali, na anayependa kusoma peke yake atapata taabu, kwa maana kazi hii haifanywi na mtu mmoja.

Filamu nayo ni fasihi?

Baadhi yetu huikubali drama lakini huitilia shaka filamu. Riwaya ya Adam Shafi, Vuta N'kuvute, iliyotoka mwaka 1999, ilifanywa filamu na Amil Shivji wa Tanzania mwaka 2021. Msomaji wa riwaya hupata mawazo ya Yasmin na Denge kupitia kwa msimulizi. Mtazamaji hana msimulizi huyo. Ana uso, rangi ya ukuta, wimbo, na mahali ambapo mhariri ameamua kukata. Mwanafunzi anayeweza kueleza ni nini kilichoachwa nje na kwa nini, ameielewa riwaya kuliko yule aliyekariri muhtasari wa sura zake.

Mfano wa pili ni Nairobi Half Life, filamu ya David "Tosh" Gitonga ya mwaka 2012. Mhusika wake mkuu, Mwas, ni kijana wa kijijini anayeuza filamu na kuwaigizia wateja vipande vyake. Anasafiri kwenda Nairobi akitaka kuwa mwigizaji, anaporwa mara tu anapofika, na baadaye anaishi maisha mawili: mazoezi ya mchezo upande mmoja, genge la wezi upande wa pili. Ninaitaja kwa sababu hofu ya wazazi wetu imo humo humo. Lakini tukumbuke kwamba Mwas hakuharibiwa na jukwaa. Alifika mjini bila chuo, bila jamaa na bila mtu wa kumwelekeza.

Mwanafunzi wa Turkana ana nini cha kupeleka huko?

Tumezoea kuhesabu anachokosa mwanafunzi wetu: umeme wa kutegemewa, maktaba, ukumbi. Tuhesabu pia alicho nacho. Amekulia kwenye edonga, ambapo watu huimba, huruka na kujibizana, na mtazamaji wa sasa huwa mchezaji wa baadaye kidogo. Amemsikia mzee akisimulia habari za wizi wa mifugo huku akibadilisha sauti kwa kila mhusika. Akifika chuoni ataambiwa kwamba wataalamu wa drama ya Kiafrika wameandika sana juu ya kutotenganishwa kwa hadhira na mtendaji. Yeye ataelewa upesi, maana ameliona kwao.

Tena si kweli kwamba kamera ni ngeni kwetu. Kambi ya Kakuma ilifunguliwa mwaka 1992, na katika muongo uliofuata shirika la FilmAid lilianza kuwaonyesha wakimbizi filamu na kuwafundisha vijana kutengeneza filamu zao wenyewe kuhusu afya, elimu na maisha ya kambini. Lodwar nako tamasha la Tobong'u Lore limekusanya wachezaji na waimbaji kutoka jamii nyingi. Na karibu nasi iko Lokitaung, ambako Jomo Kenyatta na wenzake walifungwa katika miaka ya 1950. Mchezo wa kuigiza kuhusu wafungwa hao machoni pa wachungaji wa hapa ungeandikwa vizuri na nani, kama si mtoto wa hapa?

Lipo jambo zito zaidi. Kati ya 1982 na 1983, wahadhiri wa Dar es Salaam walikwenda katika kijiji cha Malya, mkoani Mwanza. Hawakupeleka mchezo uliokamilika. Walikaa na wanakijiji, wakachunguza matatizo yao, yakiwemo mimba za wasichana, na mchezo ukatokana na mazungumzo hayo, wanakijiji wenyewe wakiwa waigizaji. Utaratibu huu huitwa sanaa za maonyesho kwa maendeleo. Katika kaunti yenye migogoro ya malisho, ukame na ndoa za mapema, mtu aliyesomea kuifanya jamii ijitazame na kujadiliana si mtu wa burudani tu.

Yale tusiyopaswa kumficha

Hata hivyo, haitakuwa haki kumsifia mwanafunzi jambo kisha tumwache agundue gharama zake peke yake.

Kwanza, alama. Kozi za shahada zinahitaji wastani wa C+ katika KCSE, na kila kozi ina masomo yake inayoyazingatia. Mwanafunzi asome masharti katika tovuti ya KUCCPS kabla ya kuchagua, wala asitegemee uvumi. Anayekosa alama hizo bado anaweza kuanzia stashahada.

Pili, ajira. Hakuna ofisi inayowangoja wahitimu wa drama. Wengi hukusanya riziki kutoka sehemu kadhaa: redio, runinga, matangazo, mashirika, mafunzo ya vijana, harusi za kurekodi. Anayetaka pia kuajiriwa kama mwalimu aulize mapema kuhusu masharti ya TSC, kwa kuwa shahada ya drama peke yake haimfanyi mtu mwalimu. Lakini na hapa pana mabadiliko: katika shule za sekondari ya juu, zilizopokea kundi la kwanza la Gredi ya 10 mwaka 2026, mkondo wa sanaa na michezo una somo la Drama na Filamu. Somo likiwepo, walimu wake watahitajika.

Tatu, sanaa hii ina historia ya kugharimu. Mchezo wa Ngaahika Ndeenda ulioigizwa na wanakijiji wa Kamirithu mwaka 1977 ulipigwa marufuku, na Ngũgĩ wa Thiong'o akatiwa kizuizini mwishoni mwa mwaka huo huo. Mwaka 1982 jukwaa la wanakijiji likabomolewa. Mwanafunzi ajue kwamba kusema kweli mbele ya watu kuna bei yake.

Nne, mzazi. Baba aliyeuza mbuzi ili mtoto asome ana haki ya kuuliza atapata nini. Mwalimu asimpinge mbele ya mtoto wala asimdharau. Amweleze kwa mifano, na ikiwezekana amwalike siku wanafunzi wanapoigiza. Nimeona mzazi akielewa kwa kutazama jambo ambalo hakulielewa kwa kuelezwa.

Tufanye nini darasani?

Ninapendekeza hatua ndogo tatu. Kwanza, kila onyesho muhimu lisomwe kwa sauti likiwa limesimama, si kwa kila mmoja kuinamia kitabu. Katika Bembea ya Maisha ya Timothy Arege, mwombe mwanafunzi asome maneno ya Sara huku mwingine akiwa Yona asiyesema kitu, kisha darasa lieleze kimya cha Yona kimesema nini. Pili, ukishatoa alama nne za muktadha, ongeza swali la tano lisilo na alama: ungelionyeshaje? Tatu, ikiwa shule inashiriki mashindano ya drama na filamu, wanafunzi wasiwe waigizaji tu. Mmoja awe mwelekezi msaidizi, mwingine asimamie maleba, mwingine atunze mswada. Filamu fupi siku hizi inaweza kurekodiwa kwa simu. Hatua hizi hazihitaji bajeti, na hata asiyekwenda kusomea drama atajibu swali la wahusika vizuri zaidi.

Hitimisho

Tumeona kwamba somo la drama na filamu lina mizizi ya zaidi ya nusu karne katika vyuo vyetu, kwamba linaendeleza uhakiki tunaoufundisha, na kwamba lina gharama ambazo mwanafunzi anastahili kuzijua. Nilimwita yule mwanafunzi tena nikamweleza haya yote, pamoja na kwamba jibu langu la kwanza lilikuwa la haraka. Hajaamua bado, na si kazi yangu kumwamulia. Siku hiyo aliniuliza swali moja tu: ule mto Rufiji, kwani ni lazima uigizwe ndani ya ukumbi, na sisi tuna ziwa?

Mwalimu mwenzangu, mwanafunzi anayeuliza hivyo ameshaanza somo lenyewe. Tusimwambie asubiri.