Maji ya moto hayachomi nyumba, lakini mwili huungua

Katika nyanda za kahawa za Mbozi, tangu Iyula na Mlowo hadi Vwawa, na mpaka Tunduma penye msururu wa malori, habari za maji moto ya Songwe si habari ngeni. Mzee ambaye magoti humsumbua kila baridi ya Juni na Julai inapoingia, huambiwa na jirani zake aende akaoge huko. Mama ambaye mtoto wake ana ukurutu hupewa shauri lilo hilo. Hata kijana anayebeba mizigo mpakani, mgongo ukimkaza, husikia kwamba maji ya moto yatokayo ardhini ni dawa isiyo na gharama.

Je, maneno hayo ni ya kweli? Kwa sehemu ni ya kweli. Maji hayo yana msaada wake, na msaada huo waweza kuelezwa kitaalamu. Lakini yana masharti mawili ambayo mara nyingi husahauliwa. La kwanza ni kwamba maji lazima yapimwe joto kabla mtu hajaingia. La pili ni kwamba hayachukui nafasi ya dawa za hospitali. Mwenye kuyashika masharti hayo atarudi nyumbani na nafuu. Asiyeyajali anaweza kurudi akiwa amebebwa.

MAJI HAYO HUTOKA WAPI

Tuanze kwa kuondoa utata wa jina. Mito iitwayo Songwe ni miwili. Mmoja hupita mpakani mwa Tanzania na Malawi na kumwaga maji yake katika Ziwa Nyasa. Wa pili, ambao ndio tunaouzungumzia, huelekea Ziwa Rukwa. Chemchemi za moto zimo katika bonde la mto huu wa pili, magharibi ya jiji la Mbeya. Mkoa wa Songwe, uliomegwa kutoka Mkoa wa Mbeya mwaka 2016, umelichukua jina hilo hilo.

Nchi yote hiyo imo ndani ya Bonde la Ufa. Ardhi imepasuka, na katika nyufa hizo maji ya mvua huzama chini sana mpaka yakutane na miamba yenye joto kali. Yakisha kupata moto hupanda tena juu, na njiani huyeyusha madini ya miamba. Ndiyo sababu maji ya Songwe yana chumvi-chumvi na bikaboneti ya sodiamu, ambayo ni jamaa ya magadi. Yanapofika juu na kukutana na hewa, sehemu ya madini hayo huganda na kuwa jiwe la chokaa. Mawe hayo yamerundikana bondeni humo kwa karne nyingi.

Songwe si peke yake. Karibu na Ziwa Manyara kuna mahali paitwapo Maji Moto. Karibu na mapango ya Amboni, Tanga, kuna chemchemi za Galanos zenye harufu ya salfa. Nchini Kenya, kando ya Ziwa Bogoria, maji huchemka kiasi cha kupika yai. Na huko Uganda ya magharibi, watu huenda Kitagata kuoga kwa ajili ya maumivu ya viungo, kama wafanyavyo watu wa Mbozi na Mbeya.

NAFUU YAKE NI IPI

Mtu akizama mpaka shingoni, maji huubeba mwili wake, na uzito unaoelemea magoti na kiuno hupungua sana. Kiungo ambacho nchi kavu kilikuwa hakikunjiki, majini hukunjika. Joto nalo hulegeza misuli iliyokaza na kuipanua mishipa ya damu. Kwa sababu hiyo, mwenye baridi yabisi ya magoti au maumivu ya mgongo ya muda mrefu anaweza kulala vizuri usiku ule, na akirudia kwa siku kadhaa nafuu yaweza kudumu kwa muda.

Kwa upande wa ngozi, maji yenye chumvi nyingi na salfa hulainisha magamba na kupunguza mwasho kwa baadhi ya wagonjwa. Watu husafiri kutoka mbali kwenda Bahari ya Chumvi, kati ya Israeli na Jordan, kwa sababu hiyo. Lakini ngozi iliyopasuka au yenye usaha ni jambo jingine. Hiyo ni mlango wazi wa vijidudu, na kwanza ipelekwe zahanati.

Zaidi ya hapo, maji ya moto hayana uwezo. Hayaponyi malaria, kifua kikuu, Ukimwi, kisukari, saratani wala utasa. Anayeambiwa kwamba yanaponya yote hayo, anadanganywa.

PIMA KABLA HUJAVUA NGUO

Methali husema maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Kwenye chemchemi ya moto methali hiyo haifai kufuatwa. Hapa yapasa kuyapima kwanza, na ukiwa na shaka hata kama nguo umekwisha kuzivua, zivae urudi.

Katika baadhi ya macho ya chemchemi za Songwe joto la maji huzidi nyuzi 80 za sentigredi. Ili msomaji aelewe maana yake, atazame hesabu hii. Maji ya nyuzi 50 huchukua kama dakika tano kumwunguza vibaya mtu mzima. Maji ya nyuzi 60 huchukua kama sekunde tano. Ya nyuzi 70 huchukua kama sekunde moja tu, yaani muda usiotosha hata kuondoa mguu. Ngozi ya mtoto mdogo na ya mzee ni nyembamba zaidi, na huungua mapema kuliko hapo.

Kwa hiyo asioge mtu kwenye jicho la chemchemi wala karibu nalo. Tena ukingo wake usiaminiwe. Gamba la chokaa linaloonekana gumu laweza kuwa jembamba, na chini yake pana tope la moto. Watoto washikwe mkono wakati wote, na wasiachwe kukimbia hapo.

Maji yafaayo kwa tiba ni yale ya nyuzi 36 hadi 39, yaani yanayokaribiana na joto la mwili wenyewe. Kipimajoto cha maji ndicho chombo bora. Pasipo kipimajoto, fanya kama mama anavyofanya kabla ya kumwogesha mtoto mchanga. Teka maji kwa kata yenye mpini mrefu, uyamimine katika beseni ambalo tayari lina maji ya baridi, kisha chovya kiwiko. Kiwiko kikihisi uvuguvugu wa kupendeza, maji yanafaa. Kikishtuka, ongeza ya baridi. Maji ya baridi ndiyo yatangulie kuingia katika beseni, ya moto yafuate, ili asije mtu akatumbukiza mguu katika beseni lenye ya moto peke yake.

Mara ya kwanza dakika 10 zinatosha. Hata aliyezoea asizidishe dakika 20. Atoke polepole, aketi kwanza ndipo asimame, kwa maana mishipa iliyopanuka hushusha shinikizo la damu, na anayeinuka kwa ghafla huweza kuona kizunguzungu na kuanguka. Akisha kutoka ajimwagie maji safi, ajipake mafuta, anywe maji ya kutosha na apumzike. Asioge peke yake, wala asioge akiwa amekunywa pombe.

WASIOPASWA KUINGIA

Wako watu ambao maji ya moto kwao ni hatari, hata yakiwa yamepimwa. Mwenye ugonjwa wa moyo, au shinikizo la damu ambalo halijadhibitiwa, asiingie bila idhini ya daktari. Mwenye homa asiingie kabisa, maana mwili wake tayari una joto la kutosha. Mwenye kifafa anaweza kuzama kama kifafa kikimshika majini. Mama mjamzito aepuke maji ya moto, hasa katika miezi mitatu ya kwanza, kwa kuwa joto kali la mwili wake laweza kumdhuru mtoto anayeumbika.

Wa kuangaliwa zaidi ni mgonjwa wa kisukari wa miaka mingi, na mtu aliyepata kuugua ukoma. Miguu yao yaweza kuwa imekufa ganzi. Mtu wa namna hiyo anaweza kuketi ametia miguu katika maji yanayounguza huku akizungumza na wenzake kwa furaha, asihisi lolote, akaja kugundua malengelenge jioni. Kidonda cha mguu kwa mwenye kisukari ni kigumu kupona, na wako waliokatwa mguu kwa kidonda kilichoanza hivyo. Mtu huyo asipime maji kwa mguu wake, wala kwa kiwiko chake. Ampimie mwingine.

Ajali ikitokea, sehemu iliyoungua imwagiwe maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Pete na bangili zivuliwe mapema kabla ya uvimbe. Kisha kidonda kifunikwe kwa kitambaa safi na mgonjwa apelekwe kituo cha afya. Dawa ya meno, yai bichi, mafuta ya taa na tope haviponyi. Huongeza uchafu kwenye kidonda.

HATARI ZISIZOONEKANA

Joto laonekana kwa mvuke wake. Hatari nyingine hazionekani. Katika nchi zenye asili ya volkano, gesi ya kaboni dayoksaidi hutoka ardhini pamoja na maji. Huko Rungwe hupatikana kwa wingi kiasi cha kuvunwa na kutiwa katika mitungi kwa matumizi ya viwandani. Gesi hiyo haina rangi wala harufu, nayo ni nzito kuliko hewa, hivyo hujikusanya mashimoni na mabondeni, hasa alfajiri pasipo upepo. Wakazi wa Goma, mashariki ya Kongo, huiita mazuku, na imepata kuua watu na mifugo. Basi asilale mtu shimoni wala pangoni karibu na chemchemi, na akihisi kichwa kizito au pumzi kukata, apande mahali pa juu mara moja.

Mahali ambapo maji ya moto yamechanganyika na ya mto yakawa vuguvugu, viumbe huweza kuishi. Katika maji yasiyokwenda kasi na yenye majani huwamo konokono wanaoeneza kichocho. Pia iko amiba ipendayo maji ya uvuguvugu, ambayo ikiingia puani hupanda hadi kwenye ubongo. Ugonjwa wake ni wa nadra sana, lakini anayeupata ni vigumu kupona. Kinga yake ni rahisi: kichwa kibaki juu ya maji, na watoto wakatazwe kupiga mbizi.

Kuhusu kunywa maji hayo, jibu ni hapana. Maji moto ya Bonde la Ufa mara nyingi huwa na floridi nyingi. Shirika la Afya Duniani limeweka kiwango kisichozidi miligramu 1.5 kwa lita. Floridi ikizidi, meno ya watoto hugeuka rangi ya kahawia, jambo ambalo wakazi wa sehemu za Arusha na Kilimanjaro wanalijua vizuri, na baada ya miaka mingi mifupa huharibika. Kuyachemsha hakusaidii. Maji hupungua, floridi hubaki.

DAWA YA HOSPITALI ISIACHWE

Hatujasahau mwaka 2011, pale maelfu ya watu walipofunga safari kwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe. Miongoni mwao walikuwamo walioacha vidonge vyao wakiamini wamekwisha kupona. Maji moto nayo yanaweza kuleta msiba wa namna hiyo. Mwenye shinikizo la damu hujisikia mwepesi baada ya kuoga, akadhani ugonjwa umekwisha. Kumbe ni mishipa tu imelegea kwa saa chache. Vidonge vinywewe kama kawaida, na kipimo cha zahanati ndicho kiwe shahidi.

Wenzetu wa Japani, wenye chemchemi za moto kwa maelfu, walitunga sheria yake mwaka 1948. Kwa mujibu wa sheria hiyo, kila mahali pa kuogea hubandikwa tangazo linaloeleza madini yaliyomo katika maji na maradhi yanayomzuia mtu kuingia. Jambo hilo si gumu kwetu. Ubao mmoja wenye maandishi makubwa ya Kiswahili, kipimajoto kimoja, na uzio wa kuzunguka macho yenye moto mkali, ni mambo ambayo serikali ya kijiji ikishirikiana na Bwana Afya inaweza kuyatimiza popote penye maji moto.

Hadi ubao huo utakapowekwa, kila familia iwe na utaratibu wake. Kabla ya safari, mgonjwa aulize zahanati kama anaruhusiwa. Katika kikapu, pamoja na taulo na chakula, watie kata, beseni, dumu la maji safi ya baridi na dumu la maji ya kunywa. Na wakifika, mtu mmoja mwenye afya njema na ngozi yenye kuhisi ateuliwe kupima maji, na wengine wote wamsubiri mpaka aseme yanafaa.