Huenda mtoto si mzito, ni haoni: macho ya watoto wa chekechea yapimwe

Mtoto anapoandikishwa chekechea hapa kwetu Pwani, mzazi huulizwa cheti cha kuzaliwa, kadi ya chanjo na sare. Ni nadra kuulizwa kama macho ya mtoto yote mawili yanaona. Kwa maoni yangu swali hilo lingekuwa la mwanzo, kwa sababu lina muda wake, na muda huo ukipita haurudi.

Mtoto wa miaka minne hawezi kukwambia, "Mama, sioni vizuri." Hajui wenzake wanaona vipi. Kama tangu azaliwe dunia yake ina ukungu, yeye hudhani ndivyo dunia ilivyo. Sisi watu wazima tunachokiona ni tabia: hatulii darasani, hunakili kwa mwenzake, huchoka upesi, hujikwaa. Basi hupewa jina. Mzito. Mtundu. Mvivu. Wengine huonja hata kiboko kwa kosa ambalo si lao.

Madrasa nako ni vivyo hivyo. Ba, ta na tha zina umbo moja; kinachozitenganisha ni idadi ya nukta na mahali zilipowekwa. Jim, ha na kha pia. Mtoto aliyekaa nyuma asiyeziona nukta hizo ubaoni atakosea kila siku, na ustadhi atadhani hakudurusu.

Sababu zenyewe ni za kawaida. Wapo watoto wanaoona karibu lakini mbali kuna ukungu. Wapo ambao macho yao hulazimika kujikaza mno kutazama vitu vya karibu, hasa kitabu. Wapo ambao sehemu ya mbele ya jicho haina mviringo ulio sawa, hivyo picha hupinda. Yote haya hurekebishwa kwa miwani.

Hatari kubwa zaidi ni pale jicho moja linapokuwa zima na la pili likawa na kasoro, au mtoto anapokuwa na makengeza. Jicho hupokea picha, lakini anayeona hasa ni ubongo. Ubongo wa mtoto ukiletewa picha mbili, moja safi na moja mbovu, huichagua ile safi na kuipuuza nyingine. Mwisho lile jicho linalopuuzwa halijifunzi kuona. Hali hii huitwa jicho vivu, na hata ukimvisha mtu huyo miwani ukubwani, jicho hilo linaweza lisione vizuri tena.

Jicho vivu hutibika, lakini matibabu hufaa zaidi kabla ya mtoto kufika umri wa miaka saba hivi. Samaki mkunje angali mbichi. Ndiyo maana nasema chekechea, sisemi darasa la sita. Mtoto wa PP1 ana miaka minne, wa PP2 ana mitano. Huo ndio wakati wake. Na kwa kuwa mtoto mwenye jicho moja zima hucheza, hukimbia na kuokota hata sindano, nyumbani hakuna atakayeshuku. Ni kipimo tu kitakachomgundua.

Kipimo chenyewe hakitishi wala hakiumizi. Kwa kuwa watoto hawa hawajajua kusoma, hutumiwa bango lenye herufi E iliyogeuzwa juu, chini, kulia na kushoto, na mtoto huonyesha kwa vidole inakoelekea. Mabango mengine huwa na picha, kama nyumba na duara. Mtoto husimama umbali uliopimwa, akazibwa jicho moja, kisha la pili. Kuziba jicho moja moja ndiyo siri ya kazi yote, maana macho mawili yakiachwa wazi, lile zima hulifichia aibu lile bovu. Mwalimu aliyefunzwa anaweza kuifanya kazi hii.

Mwalimu lakini haandiki miwani. Kazi yake ni kuchuja. Aliyeshindwa hupelekwa kwa mtaalamu wa macho, ambaye mara nyingi humtia matone ya kulegeza misuli ya jicho ili kipimo kiwe sahihi. Wazazi wasishtuke: mboni itapanuka, mwangaza utamsumbua na vitu vya karibu vitakuwa na ukungu kwa saa kadhaa, kisha hali hurudi. Mwenye jicho vivu anaweza pia kuzibwa jicho zima kwa plasta, wengine saa mbili kwa siku, wengine zaidi, ili lile vivu lilazimike kufanya kazi.

Sasa tuje kwenye miwani ya bure. Utafiti uliofanywa kwa wanafunzi wa sekondari Dar es Salaam na kuchapishwa mwaka wa 2008 ulilinganisha makundi mawili: waliopewa miwani bure na waliopewa karatasi tu ya kwenda kununua. Baada ya miezi mitatu, waliokuwa wakiitumia au walioileta shuleni walikuwa 47 kwa kila 100 katika kundi la kwanza, na 26 katika la pili. Hapa kuna mafunzo mawili. Miwani ya bure inasaidia, maana karatasi haimwoneshi mtoto ubao. Lakini hata bure yenyewe, zaidi ya nusu hawakuitumia. Watoto hutaniwa "macho manne", miwani huvunjika, na majirani huambiana kwamba miwani huharibu macho. Haiharibu.

Funzo la tatu linatoka hapa hapa Kenya. Katika shule 50 za Trans Nzoia, walimu walipima watoto zaidi ya 20,000. Katika nusu ya shule hizo walitumia programu ya simu, wazazi wa waliogunduliwa wakapewa karatasi yenye picha ya namna mtoto wao anavyoona, wakakumbushwa kwa ujumbe mfupi. Huko, 54 kwa kila 100 ya waliotumwa hospitali walifika. Katika shule zilizofuata utaratibu wa kawaida walifika 22 tu. Matokeo yalichapishwa mwaka wa 2018.

Kwa hivyo naziomba serikali za kaunti zetu sita zisitosheke na kambi ya siku moja, turubai na picha za viongozi. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imezipa kaunti elimu ya chekechea na vituo vya afya vya kaunti, vyote viwili. Mwajiri wa mwalimu na wa mhudumu wa afya ni mmoja. Hakuna wa kumsukumia lawama. Kinachohitajika ni ratiba ya kila mwaka, daftari la majina ya waliotumwa, mtu wa kuwapigia simu wazazi, na bajeti ya miwani pamoja na ya kubadilisha inayovunjika. Wataalamu hatukosi kabisa. Kwale pana kituo cha macho kinachojulikana Pwani nzima. Ila mzazi wa kijijini akikosa nauli, kituo hicho kwake ni kama hakipo.

Nawe mzazi, usingoje kaunti. Mpeleke mtoto akapimwe ukiona anasogelea televisheni, anainamisha kichwa upande mmoja, anafinya macho au ana makengeza. Usiambiwe makengeza yatatoka yenyewe. Mtoto aliyepita miezi sita hana kusubiri. Usimnunulie miwani ya mtumba, wala kumtia dawa ya dukani isiyoandikwa na mtaalamu. Na ukiona weupe ndani ya mboni, hata kwenye picha ya simu tu, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Huenda ikawa mtoto wa jicho, au saratani ya jicho inayowapata watoto wadogo, ambayo ikiwahiwa hutibika.

Shule zikifunguliwa, kabla ya kumuuliza mwalimu mtoto wangu amekuwa wa ngapi, muulize hili: amepimwa macho, moja moja?