Kuchemsha maji peke yake hakutoshi: habari ya meno yetu sisi watu wa Arumeru

Leo naomba tuache kidogo siasa na mpira, tuongelee maji ya kunywa. Najua kuna watakaosema aah, hii tulishafundishwa shule ya msingi: chemsha, chuja, funika. Kweli kabisa, na msiache. Wadudu wa kipindupindu na wa homa ya matumbo wanakufa maji yakichemka, na kama huna mkaa wa kutosha kuna dawa ya klorini. Mlioona kipindupindu cha Dar kilichoanza Agosti 2015 hamhitaji kuhubiriwa.

Ila kuna kitu ambacho moto hauwezi kukiondoa, na ndicho kinachofanya watu wa kwetu tujulikane tumetoka wapi kabla hata hatujasalimia.

Mimi ni mtoto wa Arumeru, kando ya barabara ya Arusha kwenda Moshi. Meno yangu ya mbele ni ya kahawia. Nikienda mikoa mingine naulizwa kama navuta sigara, au kama kwetu miswaki haijafika. Nilipomaliza form four niliomba kazi ya kukaa kaunta kwenye duka moja mjini. Bosi aliponiona nikicheka akasema nafasi imejaa. Wiki iliyofuata tangazo lilikuwa bado limebandikwa mlangoni. Basi, tuyaache hayo.

Kinacholeta hiyo rangi ni madini yanayoitwa floraidi. Mlima Meru ni volkano, na miamba ya volkano ya ukanda wetu wa Bonde la Ufa ina floraidi nyingi. Maji yakipita kwenye hiyo miamba yanaiyeyusha na kuja nayo mpaka kwenye chemchemi na kisima. Haina rangi, haina harufu, huwezi kuionja. Hapa watu wanachanganya mambo: tuna sehemu inaitwa Maji ya Chai, na wengi wanadhani ile rangi ya chai ndiyo ubaya wenyewe. Siyo. Maji yanaweza kuwa meupe kama kioo na yakawa na floraidi ya kutisha.

Kiasi kidogo hakina shida, tena kinasaidia meno yasitoboke, ndiyo maana imo kwenye dawa ya mswaki. Shirika la Afya Duniani linasema isizidi miligramu 1.5 kwa lita moja ya maji. Kuzunguka Meru kuna vyanzo vimepimwa vikakutwa na zaidi ya 10. Hapa Tanzania, kwa sababu ya uhaba wa maji, miaka ya 1970 kiliwekwa kiwango cha muda cha miligramu 8 kwa vijijini. Baadaye kikashuka hadi 4, na sasa ni 1.5 kama wenzetu. Kiwango kwenye karatasi kimeshuka, kisima cha jirani yangu hakijui habari hizo.

Sasa turudi kwenye kuchemsha. Si unajua mchuzi ukiuacha jikoni ukapungua, chumvi inakolea? Ndiyo hivyo hivyo. Mvuke unaondoka, floraidi inabaki kwenye sufuria. Chukua lita 5 zenye miligramu 6 kwa lita, jumla una miligramu 30. Chemsha mpaka zibaki lita 4: sasa kila lita ina miligramu 7.5. Umeua wadudu, umeongeza floraidi. Kwa hiyo yakishatokota vizuri epua, usiyaache yakitokota nusu saa ukidhani ndiyo usafi zaidi. Kitambaa, klorini na kuanika chupa juani navyo havigusi floraidi hata kidogo, kazi yao ni wadudu na uchafu.

Mtu mzima akihamia Arusha leo meno yake hayabadiliki rangi. Meno ya ukubwani yanatengenezwa ndani ya fizi tangu mtoto mchanga hadi kwenye miaka 8 hivi, na hapo ndipo yanapoharibika, kabla hata hayajaota. Yakishaota hivyo, hata usugue kwa mkaa au kwa limau ni kazi bure, tena limau linakula jino. Mifupa ndiyo haina umri. Ukinywa maji yenye floraidi nyingi sana kwa miaka mingi, viungo vinakakamaa na mgongo unauma, na watoto wengine miguu inapinda. Kwetu wapo, na watu wanasema wamerogwa.

Dada yangu ana mtoto ambaye ameanza uji mwezi uliopita. Meno ya huyo mtoto yanaamuliwa sasa hivi, kwenye kile kikombe. Nikawaambia nyumbani: maji ya kisima yafue, yaoshe, yanyweshe bustani. Ya mtoto ya kunywa na kupikia yawe ya mvua, kwa sababu mvua haijapita kwenye mwamba. Mvua ya kwanza iachwe ioshe bati, inayofuata ikingwe kwenye tanki lenye mfuniko, na bado yachemshwe. Yakipungua, changanya: ndoo moja ya kisima chenye miligramu 6 kwa ndoo tatu za mvua inakupa kama 1.5.

Na magadi jamani! Bibi alinikasirikia hapa, maana makande bila magadi kwake siyo makande. Lakini magadi mengi yana floraidi. Kilimanjaro watafiti walikuta watoto wenye madoa kwenye meno wakati maji yao hayakuwa na floraidi nyingi, na magadi yakatajwa kuwa sababu mojawapo. Loweka maharage usiku kucha, yataiva.

Kuna chujio la mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Kituo cha utafiti cha Ngurdoto, hapa hapa Arumeru, wamelifanyia kazi miaka mingi, na Nakuru kule Kenya wanalitumia. Mfupa unashika floraidi kama unavyoishika mwilini mwetu. Tatizo ni kwamba ukichomwa vibaya maji yananuka, na baada ya muda mkaa unachoka na lazima ubadilishwe. Pia Dk. Askwar Hilonga wa Chuo cha Nelson Mandela, Arusha, alitengeneza chujio linalorekebishwa kufuatana na tatizo la maji ya sehemu husika, akapata tuzo ya uhandisi ya Afrika mwaka 2015.

Lakini kabla ya kununua chujio lolote, pima kwanza. Wizara ya Maji ina maabara mikoani. Usinunue ndoo ya mtu anayepita mitaani akisema inaondoa kila kitu, muulize floraidi inatolewa na nini humo ndani. Akianza kukuimbia, rudisha hela yako mfukoni.

Wadau wa Singida, Shinyanga, Manyara na Mara, najua na nyie mmo kwenye mkumbo huu. Huko mnapima wapi, na mnalipa shilingi ngapi?

Nawasilisha.