Kazi ikihamia sebuleni, utakaa wapi?

Kwa miaka mingi hapa Dar es Salaam aliyekuchagulia nyumba alikuwa mwajiri wako. Kama kazi ilikuwa Posta, ulipiga hesabu: Sinza kodi kubwa lakini karibu, Mbezi Mwisho kodi nafuu lakini uamke saa kumi alfajiri. Mwendokasi ulipoanza mwaka 2016 kati ya Kimara na Kivukoni, wa Barabara ya Morogoro walipata ahueni, ila hesabu ilibaki ileile: kituo kiko umbali gani?

Tangu korona ya 2020, baadhi yetu tuna hesabu nyingine. Mhasibu au mfasiri anafungua kompyuta sebuleni, bosi yuko Masaki au Nairobi. Dalali anaambiwa: kituo si neno, nataka mtandao usiokatika na chumba cha ziada. Basi mtu anahamia Kibaha, Bagamoyo, Kigamboni ya ndani. Wengine wanarudi Moshi. Saa tatu au nne alizokuwa akizimalizia kwenye foleni zimerudi mikononi mwake. Hiyo ni neema, tusiionee haya. Baba anayempokea mwanawe akitoka shule mchana amepata kitu ambacho mshahara haununui.

Lakini mkumbuke Lutu, Mwanzo sura ya 13. Abramu alimwachia achague kwanza. Akatazama bonde la Yordani, akaona maji tele, akashika njia. Hatusomi kwamba aliuliza majirani zake watakuwa watu gani, wala mzee anabaki na nani. (Dalali wa leo angemwonyesha mnara wa simu.)

Asiyepanda daladala wala kununua vitumbua kituoni anaweza kumaliza mwaka mzima Kibaha bila kujua jina la mwenye nyumba ya pili. Ibada anaitazama kwenye simu, ya kanisa la kule alikohama. Msiba wa jirani anaujua kwa kuona turubai. Mwili umehama, mtu hajafika.

Prisila na Akila nao kazi yao ilibebeka. Walitoka Roma kwa amri ya Klaudio, wakashona mahema Korintho, wakaendelea hadi Efeso. Korintho walimpokea Paulo, mwenye ufundi uleule. Efeso, na baadaye Roma, tunasikia salamu za kanisa lililokutana nyumbani kwao. Kuhama kwingi hakukuwazuia kuwa na watu.

Tena si kila mtu ameachana na foleni. Muuguzi hawezi kumchoma mgonjwa sindano akiwa sebuleni kwake. Dada anayekusaidia kazi anatoka Chanika saa kumi na moja alfajiri ili akufulie nguo. Ukihamia Bagamoyo, yeye atafikaje, au ndiyo kazi imeisha? Umemwambia?

Kwa hiyo kabla ya kulipa kodi ya miezi sita na ule mwezi mmoja wa dalali, nenda kwenye mtaa huo siku ya Jumapili. Ingia kanisa lililo karibu, ukae hadi watu watoke nje kusalimiana. Uliza mjumbe ni nani. Uliza pia, mama yako aliyeko Tabata akiugua saa nane usiku, utamfikia kwa usafiri gani. Kasi ya mtandao utaipima jioni.