Fahamu: Kwa nini wahakiki waliusifu mchezo wa Invisible, Inc.

Yeyote aliyepata kupita usiku katika msitu wa Olmotonyi, chini ya Mlima Meru, akihadhari asikanyage kijiti kikavu, ataitambua mara moja taharuki ya Invisible, Inc., mchezo wa kompyuta uliotolewa Mei 2015 na Klei Entertainment, kampuni ya Vancouver nchini Kanada iliyokuwa huru wakati huo. Ndani yake mashirika ya biashara yametwaa mamlaka ya serikali, na mchezaji, akisaidiwa na akili ya kompyuta iitwayo Incognita, ana saa 72 za kuwapenyeza majasusi wachache katika majumba ya mashirika hayo kwa siri, wala si kwa vita; na kwa kuwa kila zamu ipitayo huzidisha hadhari ya walinzi, tamaa ya kufungua kasha moja zaidi aghalabu ndiyo huleta maangamizi.

Waama, sifa kuu ya wahakiki, ambayo naiafiki kwa moyo wote, ni uadilifu wa mchezo huu: kabla mtu hajainua mguu huonyeshwa mlinzi anatazama wapi, hata akinaswa hana wa kumlaumu ila nafsi yake, na bado amewekewa rehema ya kuirudisha zamu nyuma. Metacritic, inayokusanya hukumu zao, iliupa zaidi ya alama 80 kwa 100. Lawama ilikuwa kwamba kisa ni kifupi. Lakini majengo hupangwa upya kila mchezo uanzapo, na hakuna usiku unaofanana na mwingine.